Njia ya Barafuni Ilivyopita Usambara

Mtu asimamaye Kwamkoro, katika milima ya Usambara ya mashariki, juu ya bonde la mto Sigi, ambako msitu na mashamba ya chai hupakana na ukungu wa asubuhi hukawia kuondoka, hana sababu yoyote ya kufikiri habari za barafu. Vilele vya upande huu, nchi ambayo zamani iliitwa Handei, havizidi sana mita 1,500 juu ya bahari, na hata ukivuka bonde la Lwengera ukapanda upande wa Lushoto, ambako ardhi huinuka kupita mita 2,000 na baridi ya mwezi wa Julai humlazimisha mzee kuota moto mchana, hutaiona theluji ila kwa mbali mno, siku ya anga safi, pale watu wa Mtae wanapotazama kaskazini-magharibi na kuiona Kilimanjaro. Miamba ya Usambara ni ya kale, ilikwisha simama tangu dahari zisizohesabika kabla ya moto wa ardhini kuijenga Kilimanjaro. Na mvua nyingi inayotoka Bahari ya Hindi, ikiikuta milima hii kwanza, imeifanya kuwa makao ya miti na maua yasiyopatikana penginepo duniani. Hii ni milima ya maji yatiririkayo, siyo ya maji yaliyoganda.

Hata hivyo, tarikhi ya safari za barafuni katika nchi yetu haiwezi kuandikwa kwa insafu pasipo kuitaja Usambara na mwambao ulio chini yake. Vitabu vingi huianza habari hiyo Marangu, chini ya Kilimanjaro, na kuimalizia Kibo, kilele chake kikuu, kana kwamba wasafiri waliteremka kutoka mbinguni wakatua ukingoni mwa theluji. Lakini hakuna aliyefika barafuni bila kwanza kutoka pwani, na njia mojawapo kubwa ya kutoka pwani ilikuwa hii inayoanzia Pangani na Tanga, ikapita chini ya Usambara na mara nyingine katikati yake, ikabebwa mabegani mwa watu wa huku.

Inafaa kwanza nimweleze msomaji aina ya safari ninayoikusudia, maana ni fani ngeni kwa watu wa nchi za joto. Katika nchi za kaskazini, ambako theluji hulala miezi mingi juu ya ardhi, watu wamejifunza tangu zamani kujifunga miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba, zilizopindwa mbele, ziitwazo skii. Nazo huugawa uzito wa mwili hata mguu usizame, zikaelea juu ya theluji kama ngalawa ielevyo juu ya maji. Waendao milimani hufunga chini ya mbao hizo ngozi, zamani ya sili, ambayo manyoya yake hulala upande mmoja, ikakubali kwenda mbele na ikakataa kurudi nyuma, hivyo mtu hupanda mteremko pasipo kuteleza. Afikapo juu huivua ngozi akashuka kwa kasi. Kwa ufundi huu watu huvuka safu nzima za majabali yenye mito ya barafu, wakipita kutoka bonde hadi bonde kwa siku nyingi, wakifungamana kwa kamba kwa sababu ya nyufa zilizofunikwa na theluji ambazo zaweza kummeza mtu asionekane tena. Mnorwe Fridtjof Nansen aliivuka Greenland kwa skii mwaka 1888, katika miezi ya Agosti na Septemba; mwaka 1897 Mjerumani Wilhelm Paulcke na wenziwe wakapita kwa skii katika barafu za Oberland ya Uswisi; na mwaka 1911 ikapitwa hivyo njia ya juu itokayo Chamonix ya Ufaransa hadi Zermatt.

Naomba mwaka ule 1888 na miezi ile miwili vikumbukwe, kwa maana wakati Nansen na watu wake watano wanavuta magari yao ya theluji kule kaskazini, msafara mwingine uliokuwa na nia ya kufika barafuni ulikuwa umekwama katika milima ya Usambara, na wakuu wake walikuwa karibu kutiwa minyororo.

Kabla sijaisimulia habari hiyo sina budi kurudi nyuma miaka arobaini. Mwaka 1848 uliileta Usambara na Kilimanjaro pamoja mbele ya macho ya Ulaya. Tarehe 11 Mei mwaka huo Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro akajua kuwa ni theluji. Na mwaka huohuo mwenzake, Ludwig Krapf, akasafiri mpaka Vuga, mji mkuu wa Usambara, akapokewa na Kimweri ye Nyumbai, mfalme ambaye amri yake ilisikika kutoka milimani hadi karibu na bahari. Habari za Vuga zilipokewa Ulaya bila ubishi mkubwa, ila habari za theluji zilikataliwa na wanachuoni, hususan William Desborough Cooley wa London, aliyeketi nyumbani kwake akahukumu kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na mstari wa ikweta. Wachaga, wenyeji wa Kilimanjaro, hawakuhitaji hukumu yake. Walimsimulia Rebmann kwamba mfalme mmoja wa Machame, aliyeitwa Rungua, alikuwa amekwisha tuma watu kwenda kuuchunguza weupe ule, na kwamba aliyerudi hai alikuwa mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu ikiwa imeharibiwa na baridi. Ikiwa habari hii ni sahihi, nami sioni kwa nini isiwe, basi msafara wa kwanza wa barafuni tunaoujua katika Afrika ya Mashariki ulifanywa na wenyeji, kwa amri ya mfalme wao na kwa sababu yao wenyewe, na gharama yake ilikuwa kubwa kupita ya misafara yote iliyofuata.

Waliokuja baadaye wakasogea kidogo kidogo. Baron Karl von der Decken alijaribu mwaka 1861 pamoja na Richard Thornton, na mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten; mwaka 1871 Charles New, mmisionari wa Kiingereza, akaifikia theluji yenyewe akaigusa. Mwaka 1887 ukamleta Hans Meyer, kijana wa Leipzig, mwana wa jamaa ya wapiga chapa wenye mali, naye akapanda Kibo mpaka akakutana na ukuta wa barafu ambao, kwa zana alizokuwa nazo, hakuweza kuupita. Akarudi kwao akiwa amejua neno moja muhimu, kwamba Kibo si mlima wa kutembelewa na mwenye miguu mizuri tu. Wahitaji mtu aliyefundishwa barafu, na wahitaji chakula kifike juu kila siku chache.

Mwaka uliofuata alirudi na mpango mkubwa zaidi. Alimchukua Oscar Baumann, kijana wa Vienna aliyekuwa fundi wa ramani, wakaandika wapagazi zaidi ya mia mbili, na mwishoni mwa Agosti 1888 wakaondoka Pangani. Badala ya kuifuata moja kwa moja njia ya misafara ipitayo chini ya milima, wao wenyewe walikata shauri kupanda Usambara, kwa sababu milima hii ilikuwa haijachorwa vema katika ramani, na Baumann alitamani kuipima. Wakapita katika vijiji vya Wasambaa, kwenye migomba na mifereji ya maji, Baumann akipima na kuandika. Na kazi aliyoifanya, pamoja na ile aliyoiongeza baadaye aliporudi, ilizaa kitabu chake cha mwaka 1891 juu ya Usambara na nchi jirani, ambacho hata leo mtafiti wa mambo ya milima hii hawezi kukipita.

Lakini nyuma yao nchi ilikuwa inawaka. Mwezi huohuo wa Agosti Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imejitwalia utawala wa mwambao kwa mkataba na Sultani wa Unguja, na wakala wake wa Pangani, Emil von Zelewski, aliwatendea watu wa mji kwa ufidhuli, akaivunjia heshima bendera ya Sultani na msikiti pia. Watu wa Pangani hawakustahimili. Chini ya Bushiri bin Salim al-Harthi, mwenye mashamba ya miwa kando ya mto, mwambao uliinuka kuanzia Tanga hadi kusini, na habari za vita zikapanda milimani upesi kuliko mpelekaji barua yeyote. Wapagazi walipozisikia wakaona hawana sababu ya kuwabebea Wajerumani mizigo kwenda mbali wakati nyumba zao zimo vitani, wakaiweka chini, wakaenda zao. Mimi siwalaumu. Mtu aliyekodiwa kubeba hema na darubini hakukodiwa kuusaliti mji wake.

Meyer na Baumann, wakiwa na watu wachache mno waliosalia, hawakuwa na hila tena ila kurudi pwani. Wakateremka kutoka Usambara, na kabla ya kufika salama wakakamatwa na watu wa Bushiri, wakatiwa minyororo, wakawekwa mpaka ilipolipwa fidia ya fedha ndipo wakaachiliwa kwenda Unguja. Zana za kupimia, mahema, mavazi ya baridi, vyote vilivyokusudiwa kufika barafuni vilitawanyika. Hivyo jaribio la pili la Meyer liliishia katika milima ambayo haina barafu, na sababu ya kushindwa kwake haikuwa baridi wala urefu wa mlima. Ilikuwa madai ya haki ya watu wa pwani. Katika vitabu vya wapanda milima habari hii aghalabu hupewa mistari mitatu. Kwangu mimi ndiyo kiungo cha tarikhi nzima, kwa maana inaonyesha wazi kwamba njia ya kwenda Kibo ilikuwa mikononi mwa wale walioibeba mizigo, nao walipoiachilia hapakuwa na safari.

Mwaka 1889 Meyer hakuthubutu kupita Pangani. Vita vilikuwa havijakwisha. Bushiri mwenyewe alinyongwa mjini humo tarehe 15 Desemba mwaka huo. Meyer alishukia Mombasa, akapita Taveta, akafika Marangu kwa Mangi Mareale, kijana aliyempokea vizuri na kumpa watu. Safari hii alikuwa na mwenzi wa namna nyingine, Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, ambaye katika Alps hakuna aliyemzidi kwa idadi ya vilele alivyopanda bila kuongozwa na mtu. Na juu ya yote Meyer alikuwa ameyatia akilini mafunzo ya nyuma: akaweka kambi kuu Marangu, kambi ya pili penye ukomo wa msitu, na ya tatu juu kabisa, katika uwanda mkavu ulio baina ya Kibo na kilele jirani cha Mawenzi, kiasi cha mita 4,330 juu ya bahari, na kila baada ya siku chache watu walipanda kutoka chini kuleta nyama, ndizi na kuni, ili wapandaji wasishindwe kwa njaa.

Kambi ile ya juu haikukaliwa na Wazungu peke yao. Alibaki pamoja nao mtu mmoja, Muini Amani, mtu wa Pangani, mzaliwa wa mji wa minazi na joto, aliyekaa katika hema dogo mahali ambapo maji huganda kila usiku, akatunza moto, akapika, akalinda kambi peke yake kila wenziwe walipokwenda barafuni, siku nzima na mara nyingine usiku pia. Msomaji na amfikirie mtu huyu. Mwaka mmoja kabla yake mji wake ulikuwa umewafukuza Wajerumani. Miezi michache kabla yake ulikuwa umetwaliwa tena na majeshi ya Kijerumani chini ya Wissmann. Naye yuko juu ya jabali, zaidi ya mita elfu nne, ameshika chungu na kuni, na uhai wa watu wawili unategemea kuwa kambi wataikuta na moto utakuwa unawaka. Kukaa vile, bila mazoea ya baridi wala mavazi yaliyokatwa kwa ajili yake, ni kazi ya mpanda mlima, na ningetaka ihesabiwe hivyo.

Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller waliondoka usiku wa manane, wakaufikia mto wa barafu ambao Meyer aliupa jina la Ratzel, mwanachuoni wa jiografia. Barafu ilikuwa ngumu na mteremko wake mkali, hata kila daraja ya kuweka mguu ilihitaji mapigo yapatayo ishirini ya shoka la barafu. Purtscheller akatangulia akichonga, Meyer akafuata wamefungamana kwa kamba, pumzi zikiwapungukia kila hatua. Wakafika ukingoni mwa kasoko, wakaona kuwa kilele cha juu kabisa kiko upande mwingine wa ukingo na kwamba jua halitawangoja, wakarudi. Baada ya kupumzika walipanda tena, wakalala pangoni ili wapunguze mwendo, na asubuhi ya tarehe 6 Oktoba wakazikuta daraja zao zingali zikifaa. Siku hiyo Purtscheller alitimiza miaka arobaini, na siku hiyo wakasimama juu ya kilele ambacho Meyer alikiita kwa jina la Kaisari wake, nasi tangu uhuru wa Tanganyika twakiita Uhuru. Baadaye wakaendelea kukaa juu kwa zaidi ya juma moja, wakaijaribu Mawenzi wasiweze kukifikia kilele chake, wakapanda Kibo tena na kuingia ndani ya kasoko. Kitabu alichokitoa Meyer mwaka 1890 kinazungumza kwa haki habari za safari za barafuni, kwa maana kilele kilikuwa sehemu ndogo tu ya kazi yao.

Skii hawakuwa nazo. Zilikuja baadaye, nazo zilikuja katika nchi iliyogeuka. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 iliambaa chini ya Usambara, ikapita Muheza, kituo cha watu wa Amani na Kwamkoro, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Juu ya milima ya mashariki msitu ulikuwa umekatwa kwa ajili ya kahawa, ambayo baadaye iliipisha chai, na mwaka 1902 Wajerumani walikuwa wamefungua Amani chuo cha utafiti wa mimea na kilimo. Mwendo wa majuma kutoka pwani hadi Kilimanjaro ukawa mwendo wa gari la moshi, na yule mpagazi ambaye mwaka 1888 alikuwa na uwezo wa kuisimamisha safari nzima akapoteza uwezo huo kabla ya safari kufika mlimani.

Katika mwaka 1912 walipanda Kibo watu wa makundi mawili ambao inapasa kuwataja. Fritz Klute na Eduard Oehler walikifikia kwa mara ya kwanza kilele cha Mawenzi, wakapanda Kibo kwa upande wa magharibi, na Klute akapiga picha za kupimia ambazo zilitoa ramani ya kwanza iliyo kamili ya barafu za Kibo. Na Walter Furtwängler, nduguye Wilhelm aliyepata sifa katika muziki, pamoja na Siegfried König, wakapanda kileleni wakiwa na skii, wa kwanza kuzitumia juu ya Kibo. Yaani miaka ishirini na minne baada ya Nansen kuivuka Greenland, na mwaka mmoja baada ya njia ya Chamonix na Zermatt, mbao zile za kaskazini zilikuwa zimefika digrii tatu tu kusini ya ikweta.

Hazikuota mizizi, nayo sababu yake ni ya maumbile. Theluji ya Kibo haikai kama ile ya Alps. Jua la ikweta huipiga kwa wima, hewa ni kavu mno, na barafu nyingi huenda hewani moja kwa moja bila kuwa maji. Kingo zake husimama kama kuta za nyumba, na juu yake huchongeka vipande vyembamba virefu ambavyo hakuna skii iwezayo kuvipita. Barafu ya Kibo ni kofia iliyopasuka, haina mabonde marefu yaliyofunikwa ambayo msafiri ayapite siku baada ya siku. Safu ikaribiayo sura hiyo katika upande wetu wa Afrika ni Ruwenzori, baina ya Uganda na Kongo, ambayo mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, aliipanda mwaka 1906 akavifikia vilele vyake vikuu kimoja baada ya kingine. Nayo, kwa mvua zake na mabwawa yake ya tope, ina mashaka ya aina nyingine kabisa. Mlima Kenya, ambao Halford Mackinder alikifikia kilele chake cha Batian mwaka 1899 pamoja na viongozi wawili kutoka Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, ni mlima wa miamba zaidi kuliko wa barafu.

Meyer mwenyewe ndiye aliyeanza kuona kwamba barafu inaondoka. Aliporudi mwaka 1898, akifuatana na mchoraji Ernst Platz, alikuta lile pengo la ukingoni alilopitia mwaka 1889 limepanuka na barafu imerudi nyuma. Kwa ramani ya Klute barafu za Kibo zilikuwa kiasi cha kilomita za mraba 12 mwaka 1912. Zilipopimwa mwaka 2011 hazikufika 2. Kwanza sababu yake ilikuwa ukavu wa hewa ulioanza karne ya kumi na tisa, theluji mpya isitoshe kulipa iliyokwenda. Na sasa umeongezeka ujoto wa dunia nzima, ambao haukufanywa na watu wa Marangu wala wa Usambara. Ndani ya kasoko limebaki pande la barafu lililopewa jina la Furtwängler, yule wa skii, na kufikia mwaka 2007 lilikuwa limegawanyika vipande viwili.

Majina ya barafu zile, zilizopo na zilizokwisha toweka, kwa sehemu kubwa ni orodha ya heshima ya Ujerumani: Ratzel, Rebmann, Decken, Kersten, Heim, Penck, Drygalski, Credner, Uhlig, Furtwängler. Marangu ilipata sehemu ya haki yake mwaka 1989, ilipofanywa sikukuu ya miaka mia, na mzee Yohani Kinyala Lauwo akatambuliwa kuwa miongoni mwa walioongoza njia mwaka 1889, akajengewa nyumba. Alifariki mwaka 1996. Pangani haijapata. Boma la kale la mji huo lingali limesimama kando ya mto, na wageni huonyeshwa habari za Bushiri, kama ipasavyo. Napendekeza kwa wakuu wa wilaya na kwa wote wenye dhamana ya mambo ya kale kwamba utiwe hapo ubao wa pili, uandikwe jina la Muini Amani, mtu wa Pangani, na mwaka 1889, na urefu wa kambi aliyoilinda, mita 4,330. Na kwamba ubao kama huo uwekwe mlimani, katika uwanda ule baina ya Kibo na Mawenzi, ambako maelfu ya wageni hupita kila mwaka wakiwa na wapagazi mbele na nyuma yao.